Kiti kitupu ndani ya ndege ni cha nani?

"Shikamoo mama. Nina miaka 34, nauza nguo, na mwaka huu nimeenda Dubai mara mbili kutoka Dar es Salaam. Goti langu la kushoto liliumia kwenye ajali ya bodaboda. Nikilikunja muda mrefu linavimba. Safari ya kwanza nilipangiwa siti ya katikati. Tulipokwisha kupaa nikaona safu ya mlango wa dharura, ile yenye nafasi kubwa ya miguu, ina siti mbili tupu. Nikahamia. Mhudumu akaja akanirudisha mbele ya watu, akasema siti zile zinalipiwa na tena si za kila mtu. Wakati huohuo kuna kijana alikuwa amejilaza kwenye siti tatu kule nyuma na hakuguswa. Nilijisikia kama mwizi. Safari ya pili nikalipia kabisa siti ya njiani, 14C. Nafika, nakuta mama mtu mzima amekaa hapo, pembeni yake mjukuu wake. Akaniambia, 'Mwanangu, wewe bado una nguvu, nenda kakae kule kwangu, safu ya 27.' Nikaona aibu kumkatalia. Nikaenda, kumbe ni katikati tena. Nilitua goti limejaa. Naomba unieleze: siti tupu ni ya nani hasa? Na ile niliyoilipia, ningeidaije bila kukosa adabu?"

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa goti. Nimelisoma swali lako mara mbili. Safari ya kwanza ulikaa pasipo pako ukaaibishwa, ya pili ukaondolewa palipo pako ukanyamaza, na zote mbili aliyeteremka akichechemea ni wewe. Nimefanya kazi ndani ya ndege miaka 19, 8 ya mwisho nikiwa kiongozi wa wahudumu, na sasa nawafundisha wanaoanza. Nimewarudisha abiria kwenye viti vyao mara nyingi mno, kwa hiyo nitakueleza na yale ambayo yule dada hakupata nafasi ya kukueleza.

Kwanza, hukuiba. Liondoe neno hilo moyoni. Alichokuambia mhudumu kilikuwa sahihi, ila namna alivyokuambia haikuwa. Abiria anayerudishwa kitini anafuatwa pale alipo, mhudumu anainama, anaongea kwa sauti ambayo hata jirani haisikii vizuri, na anatoa sababu. Mtu mzima akipewa sababu husimama mwenyewe. Kwa hilo nakuomba radhi kwa niaba ya kazi yetu.

Nadhani chanzo cha haya yote ni kwamba wengi wetu tumejifunzia kusafiri kwenye basi. Ndani ya daladala, kiti kikiachwa anakaa aliye karibu, na kukiwa na mzee amesimama, anapishwa. Basi la mkoani lina namba za siti, lakini abiria akishashuka Morogoro, kondakta mwenyewe ndiye anayekuambia usogee mbele. Hakuna anayeuliza siti ile iliuzwa bei gani. Tunaingia kwenye ndege na desturi hiyo, tunaona kiti kiko wazi, tunasogea. Kumbe ndani ya ndege viti vilivyo wazi vina habari tofauti tofauti, na ukivitazama kwa macho huwezi kuvitofautisha.

Nianze na safu uliyohamia wewe, maana hiyo ndiyo ngumu kuliko zote. Safu ya mlango wa dharura ina nafasi kubwa ya miguu kwa sababu ile ni njia ya watu kutokea. Ndege kubwa ya abiria hairuhusiwi kuingia kazini mpaka mtengenezaji aoneshe kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, tena kwa kutumia nusu tu ya milango. Hesabu hiyo inamtegemea mtu aliyekaa pale. Anatakiwa awe na nguvu, asikie maelekezo, ayaelewe, na akubali kwa kinywa chake kwamba atasaidia. Kwenye baadhi ya ndege kidirisha cha juu ya bawa kina uzito wa kilo 15 hivi, na ni abiria anayekinyanyua na kukitoa. Ndiyo maana haturuhusu kukaa pale watoto, wajawazito, mtu mwenye mtoto mchanga, wala mtu mwenye mguu unaomsumbua. Kwa maana hiyo, hata ungekuwa umelipa, goti lako lingetosha kukuondoa. Najua inauma kusikia kwamba kiti chenye nafasi unayoihitaji ndicho usichoweza kupewa, lakini siku hiyo moja ya moshi, wewe ungekuwa wa kwanza kuumia na walio nyuma yako wangekwama.

Sasa yule kijana wa nyuma. Viti alivyojilaza vilikuwa vya daraja lake na vya bei yake, havina mlango wala malipo ya ziada, na ndege ilikuwa imeshatulia angani. Huenda pia alikuwa ameomba, wewe hukumsikia. Haukuwa upendeleo.

Kuhusu malipo, kuna hoja nimeisikia mara nyingi: ndege imeshapaa, kiti kile hakitauzwa tena, sasa shirika linapata hasara gani nikikaa? Hoja hiyo ina ukweli wake. Kwa siku hiyo, kwa kiti hicho kimoja, hasara ya fedha haipo. Lakini mfikirie mama ntilie aliyebakiwa na wali jioni. Wali ule ukilala utaharibika, na yeye anajua. Anaweza kukupa sahani ya bure, na wengi wana moyo huo. Wewe hutaingiza mkono kwenye sufuria lake kwa sababu tu anafunga. Na kuna mtu mwingine wa kumfikiria: abiria wa safu ileile aliyetoa fedha yake ili anyooshe miguu. Anakuona umekuja kukaa pembeni yake bure. Kesho hatalipa, naye ana haki ya kutuuliza sisi wahudumu kwa nini yeye alilipishwa. Mhudumu akikukatalia kiti cha aina hiyo mara nyingi hana ruhusa ya kukupa hata angependa. Baadhi ya mashirika humruhusu akuuzie palepale kwa kadi, kwa hiyo kuuliza "naweza kukilipia sasa?" ni swali zuri tu. Daraja la biashara ni hivyohivyo kwa mkazo zaidi: usivuke pazia bila kuitwa.

Halafu kuna suala la mizani. Wapo watakaokuambia ni kisingizio cha wahudumu, na wengine watakutisha kwamba mtu mmoja akihama ndege inapinduka. Ukweli unategemea ukubwa wa ndege.

Kabla ya kila safari huandaliwa hati ya mizani. Chumba cha abiria kinagawanywa katika sehemu, tuseme mbele, katikati na nyuma, na wanahesabiwa waliokaa kila sehemu. Hawapimwi mmoja mmoja. Hutumika uzito wa wastani. Katika kanuni za Ulaya, kwa ndege kubwa, mtu mzima huhesabiwa kilo 84 pamoja na mzigo wake wa mkononi, na mtoto kilo 35. Hapo unajumlishwa mzigo wa chini na mafuta, kinapatikana kitovu cha uzito, yaani pale ambapo ndege ingesimama sawa kama ungeining'iniza kwa kamba moja. Kwa kufuata namba hiyo rubani hutega bawa dogo la mkiani ili ndege inyanyuke vizuri. Watu wakihama kabla ya kupaa, hati iliyo mkononi mwa rubani inakuwa inaelezea ndege nyingine.

Kwenye ndege kubwa kama uliyopanda, wewe peke yako kusogea safu chache tukiwa angani ni jambo dogo sana. Watu wanakwenda chooni safari nzima, na nitakuwa mwongo nikikuambia lile lilikuwa tatizo lako. Lakini panda ATR au Q400, zile ndege za pangaboi, asubuhi moja kwenda mkoani, viti 70 na abiria 15, halafu usikie mhudumu anasema wote mkae sehemu fulani. Watu hulalamika: kote kuko wazi, mbona tunabanwa kama dagaa? Mnabanwa kwa sababu ya hati ile. ATR hupakia mzigo mbele na abiria huingilia nyuma. Ikiwa imeegeshwa hukingwa kwa nguzo chini ya mkia wakati wa kupakia, isije ikakaa kitako. Ukiona hilo kwa macho yako mara moja, hutabishana tena kuhusu safu. Na kwenye Cessna Caravan ndogo ziendazo Mafia au mbugani, rubani mwenyewe huwapanga abiria. Huko usihame hata kiti kimoja bila kuambiwa.

Usidhani ni vitisho vitupu. Agosti 2010, karibu na Bandundu katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ndege ndogo aina ya Let L-410 ilianguka ikijiandaa kutua. Walikufa watu 20 kati ya 21. Kwa simulizi ya yule mmoja aliyenusurika, mamba aliyekuwa amefichwa kwenye begi alichomoka, na abiria wakakimbilia mbele kwa pamoja. Mwezi Januari 2003 huko Charlotte, Marekani, ndege ndogo ya Beechcraft 1900 ilianguka mara tu baada ya kupaa, wakafa wote 21. Uchunguzi ulikuta kifaa cha mkiani kimefungwa vibaya na nyuma kumeelemewa na uzito kupita kiwango. Baada ya hapo Wamarekani walipandisha uzito wa wastani wa abiria kwenye hesabu zao, kwa kuwa ule wa zamani haukulingana tena na miili ya watu. Nawaeleza wahudumu wapya ajali hizi mbili kila mwaka, na sijawahi kuzizoea.

Kuna sababu nyingine ambazo abiria hawezi kuziona. Kiti kinaweza kuwa wazi kwa sababu mkanda wake umekatika na fundi amekifungia. Safu inaweza kuwa imewekwa kando kwa wahudumu kupumzika kwenye safari ndefu, au kwa mgonjwa atakayelazwa. Kisha kuna kumbukumbu: orodha yetu inamtambua mtu kwa kiti chake. Mtoto anayesafiri peke yake, anayehitaji kiti cha magurudumu, mwenye chakula maalumu, wote tunawatafuta kwa namba. Wakati mmoja nilipeleka chakula cha mgonjwa wa kisukari kwenye kiti chake, nikampa mwanaume aliyekuwa amekaa pale, akala. Mwenyewe alikuwa amehamia safu kumi nyuma kumfuata rafiki yake, hakumwambia mtu. Tulipompata alikuwa anatetemeka na jasho linamtoka. Alipona, lakini tangu siku hiyo nikimwona mtu amehama kimyakimya, mwili wangu unashtuka kabla ya akili.

Basi ukitaka kuhama, ujue wakati na ujue maneno. Milango ikiwa haijafungwa, kaa kwako. Kuna abiria wanaounganisha safari wanaokuja wakikimbia, kuna waliokuwa wakisubiri nafasi, na ukikiwahi kiti cha mtu utamwanzishia safari kwa ugomvi. Milango ikifungwa unaweza kuuliza, ila jibu linaweza kuwa subiri. Wakati mzuri ni taa ya mkanda inapozimwa. Mwambie: "Samahani dada, goti langu linanisumbua nikikaa katikati. Kama kuna kiti cha njiani kimebaki cha bei ya kawaida, naomba kuhamia." Taja sababu, taja aina ya kiti, mwachie yeye achague kipi. Mimi abiria akiniambia hivyo, nilikuwa naenda kuhesabu safu mwenyewe. Na akikukatalia, kubali. Mkataba wa Tokyo wa 1963 unampa rubani kiongozi mamlaka juu ya usalama na utulivu ndani ya ndege, na wahudumu wanafanya kazi chini yake. Ubishi wa kiti ukikua, ndege inaweza kupokewa na polisi. Lalamiko lako lishushe nalo chini, lina mahali pake.

Nije kwa yule mama na mjukuu, kwa sababu hapa ndipo barua yako ilinigusa zaidi.

Umelelewa vizuri, na sitaki ubadilike. Lakini tulitazame vizuri hilo neno kupisha. Katika daladala unampisha mzee kwa kuwa amesimama na hana pa kukaa. Yule mama alikuwa na kiti. Hakuwa anaomba kupishwa, alikuwa anataka kubadilishana, na kubadilishana kuna masharti yake: anayetaka aombe kabla ya kukaa, atoe kiti kinacholingana na anachochukua au kilicho bora, na anayeombwa awe huru kusema hapana. Yeye alikaa kwanza. Alikupa cha katikati badala ya cha njiani, na cha kulipiwa kwa kisicholipiwa. Hapakuwa na usawa, na ungekataa kwa upole usingekuwa umemkosea heshima mtu mzima.

Nimtetee naye kidogo. Yaelekea hakununua kuchagua viti, na mashirika mengi yakiona hivyo huiachia kompyuta iwagawie vilivyobaki, bibi huku, mjukuu kule. Aliingia na hofu ya kutenganishwa na mtoto, akaona sura ya kijana, akakimbilia kwako. Goti lako hakulijua. Kosa lilianzia kaunta, ambako angetakiwa kusema mapema kwamba ana mtoto, naye aliyemhudumia angetakiwa kuliona bila kuambiwa.

Ikitokea tena, usiende kukaa kwingine kwanza. Ukishakaa safu ya 27 umeshakubali, na kila dakika inayopita inafanya iwe vigumu kurudi. Simama pembeni, toka njiani wengine wapite, mwamkie, umwoneshe pasi yako ya kupandia. Sema: "Shikamoo mama. Hiki ni kiti changu, nimekilipia kwa sababu goti langu ni bovu, siwezi kulikunja muda mrefu. Ngoja tumwombe dada atutafutie viti viwili ili usitengane na mjukuu." Kisha mwite mhudumu. Umemsalimu, umempa sababu, na umelibeba tatizo lake pamoja naye. Sisi tuna njia ambazo wewe huna: tunajua nani anasafiri peke yake, nani alituomba dirisha, safu ipi ina nafasi. Bibi na mjukuu nimewakalisha pamoja mara nyingi bila mtu kupoteza alicholipia. Hata ukiwa umeshahama na ukagundua huko hakukufai, bonyeza kengele useme. Tunaanza kuuliza tu.

Kuhusu fedha, nitasema kweli hata kama haipendezi. Kwa kuwa kiti ulikitoa mwenyewe bila kumhusisha mhudumu, sioni shirika likikurudishia ada. Ingekuwa ni wao waliokuhamisha, hadithi ingekuwa nyingine. Masharti ya tiketi karibu kote yanawaruhusu kubadilisha kiti chako kwa sababu za usalama au za uendeshaji, ila ada ya kiti uliyolipa na hukupata huduma yake ni yako kuidai. Tunza risiti na kipande cha pasi, nenda ofisini kwao, andika lalamiko na ubaki na nakala. Wakikupuuza, peleka kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Ina baraza la ushauri la watumiaji wa huduma za anga kwa kazi hiyo.

Na goti lenyewe, mwanangu, halitatibiwa na kiti. Mimi si daktari, kwa hiyo kabla ya safari nyingine kamwone wa mifupa, umweleze kwamba unakaa saa tano na nusu na linajaa kila unapotua. Mwulize pia kuhusu damu kuganda. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba hatari ya damu kuganda kwenye mishipa huongezeka karibu mara mbili mtu akisafiri kwa kukaa bila kujongea saa nne au zaidi. Kwa watu wengi bado ni hatari ndogo, lakini mguu uliowahi kuumia unastahili kuulizwa. Simama utembee kila saa, chezesha vifundo vya miguu ukiwa umekaa, kunywa maji. Ukishatua, uvimbe ukishuka chini kwenye shavu la mguu mmoja, pakawa pa moto na panauma, au ukabanwa kifua, usisubiri kesho, nenda hospitali.

Daktari akikuandikia barua, lipigie shirika angalau saa 48 kabla ya kuondoka, uwaeleze. Unaweza kupewa msaada wa uwanjani, na wengine hukuwekea kiti kinachofaa. Ukiambiwa safu ya mbele kabisa, ile inayotazamana na ukuta, uliza kwanza: mara nyingi huwekewa wenye vichanga kwa sababu vitanda vya watoto hufungwa pale, na ukuta wenyewe huzuia mguu kunyooka.

Jambo la mwisho nimeliona kwenye barua yako. Ulilipia 14C. Kwenye ndege ya viti vitatu kila upande, aliyekaa C ana njia mkono wake wa kulia, na goti lako bovu ni la kushoto, kwa hiyo hata ungekaa pale lingebaki limebanwa ndani. Safari ijayo chagua D. Njia itakuwa kushoto kwako, mguu utaweza kuunyoosha nje kidogo, na ukisikia toroli la chakula linakuja, uurudishe.